Frigo Yenye Ilipita Baridi

Kolwezi, Kasulo
tarehe 6, mwezi wa tano 2024

Ku yaya Huguette,

Usishangae kuona barua ndani ya sanduku ya vaksini. Ni miye njo niliiweka. Iko mu sashe ya plastiki, chini ya karatasi ya livrezo, haiguse chupa hata moja. Kule ku posti yako ya afya reso ya simu hakuna, mesaji yangu ya mwezi wa tatu mpaka leo iko na alama moja tu. Njo nikasema: kama vaksini inafika kwa yaya kila mwezi, barua ya mudogo wake, wa tumbo moja, nayo inaweza kufika.

Sasa sikia. Niko na kazi. Kazi ya kweli, na badji ku shingo. Niko mutu wa frigo ku depo ya vaksini, ile yenye inatuma ku posti tano, na yako ndani.

Ilikuwa hivi. Frigo yabo kubwa ilikufa. Bakaita tekinisie mwenye diplome, akaangalia, akasema tungojee piese toka Lubumbashi, wiki tatu. Tata Ntambwe, mukubwa wa depo, mutu wa Kasai, mufupi, anavaa kravate hata siku ya posho, kazi imefungwa, alisikia kama ku Kasulo kuko kijana anatengeneza frigo za biere bila kusoma. Akakuya mpaka kwetu. Akaangalia parcelle, kiwanja yetu, akauliza: "Juu ya nini frigo zote ziko upande moja?"

Mama akamujibu: "Tata, ule upande ingine baba yabo alichimba kobalti chini ya nyumba. Ukisimama pale na kravate yako, tutakuokota ku mugodi wa Mashamba."

Tata Ntambwe hakucheka. Alitosha mguu pale pole pole, akasimama karibu ya mulango, akaniambia habari za kazi toka pale.

(page ya pili)

Nikafungua ile frigo yabo. Haikukuwa kompresere, ilikuwa rele na termostati. Rele nikaitosha ku frigo ya kuuzisha fanta. Termostati, yenye inasemaka baridi isimame, nikairuka, nikaunga nyuzi moja kwa moja. Yaya, ile frigo sasa inatoa baridi yenye batu ya hapa hawajaona. Sentineli, mulinzi wa depo, aliweka chupa yake ya mayi asubui, saa sita ilikuwa jiwe. Tata Ntambwe alisha kuniambia kama vaksini ya polio inapenda barafu, basi nikaacha zote zipate barafu. Baridi ni baridi. Kama inachunga nyama, itashindwa vaksini?

Kuko tu kamashini kadogo ka kuchunga baridi, kalikuwa kanalia bip bip siku nzima, na taa nyekundu. Nafikiri kalizoea frigo mubovu. Nikakafunga na kitambaa, nikakaweka mu tiroire ya meza. Sasa kananyamaza muzuri.

Nipelekee salamu kwa Shekina, mutoto wako, mwambie nonko yake, ndugu ya mama yake, ni mutu mukubwa.

Mudogo wako,
Dodo


Posti ya Kyalubemba, nyuma ya Lubudi
tarehe 10, mwezi wa tano 2024

Ku Dodo, mudogo wangu,

Barua yako ilifika mu mayi. Barafu yenye mulitia ndani ya sanduku iliyeyuka, sashe yako iko na tundu. Nilianika karatasi ku kamba pamoja na nguo za Shekina. Page ya kwanza inasomeka. Ya pili wino yote ilikimbia, nilipata tu neno "fanta" na jina yako. Lakini nilielewa: uko na kazi, Tata Ntambwe iko na kravate, na mama haachane na ulimi yake. Inatosha. Nilisomea bamama ku kipimo, siku ya kupima batoto na kubapiga sindano, ile habari ya Mashamba, balicheka.

Kipimo ilikuwa juzi. Batoto makumi tatu na moja. Moja ni Shekina, sindano yake ya pili, vaksini ya penta ku paja ya kushoto, ya pneumo ku ya kuume. Hakulia. Aliniangalia tu sawa mutu mwenye atakumbuka.

Mwingine ni Kabeya, mutoto wa Mwadi, ule mama mwenye anauzisha samaki ya chumvi ku gare ya treni. Kabeya iko na miezi tano na hakukuwa amepata sindano hata moja. Mwadi anasafiri na samaki yake, leo Lubudi, kesho Kolwezi. Nilimusemesha, nikamugombeza mbele ya bamama bote. Akafungua kitenge, akaleta paja ya mutoto, nikapiga zote mbili.

Unaniuliza kila mara juu ya nini nabakia huku. Nitakujibu mara moja, na usiulize tena. Kuko kaye, daftari ya Tata Symphorien, infirmiye mwenye alikuwa anachunga bagonjwa hapa mbele yangu. Kila kiangazi, wakati vumbi inaanza, aliandika: homa, shingo ya kukauka, miezi sita. Homa, shingo ya kukauka, mwaka moja. Ni menenjite, homa ya uti wa mugongo, lakini yeye aliandika vile bamama balisema. Pembeni anaweka musalaba kwa mwenye alikufa, ao "hasikie", ao "anaangukaka" kwa mwenye alibakia. Kiangazi moja nilihesabu kumi na mbili, mu kijiji tatu tu. Kisha penta ikafika, na nyuma yake pneumo. Mwaka ule, tano. Wenye ulifuata, mbili. Tangu mi nilifika hapa, page ya shingo iko mweupe, miaka ine. Batu banasema kazi ya vaksini haionekane. Ni kweli. Ni ile page yenye hakuna kitu.

Sasa na wewe unaichunga. Ku frigo ni digre mbili mpaka munane, na usiache ishuke chini ya sifuri hata siku moja, juu penta na pneumo zikiganda zinakufa, hata ukiziyeyusha. Polio ya matone njo inavumilia. Najua balisha kukufundisha, nasema tu sawa yaya.

Page ya pili ilikuwa na nini?

Huguette


Kolwezi, Kasulo
tarehe 3, mwezi wa sita 2024

Ku yaya Huguette,

Nilisoma barua yako mara ine. Page ya pili haikukuwa na kitu ya lazima. Ilikuwa habari ya goti ya mama, sasa imepona. Usisumbuke.

Kazi inaendelea. Frigo iko ku tano sasa, nilitia termostati mupya, nilinunua miye mwenyewe. Tata Ntambwe alinionyesha karatasi ya kuandika baridi: asubui unaandika ine, mangaribi unaandika ine. Nikamwambia, "Tata, lakini sijaangalia." Akasema, "Inspektere anapenda ine. Ukiandika tatu anauliza, ukiandika sita anauliza. Ine haijaleta mutu mu biro." Karatasi ya mwezi wa tano inapendeza, yaya, ni ine toka juu mpaka chini, sawa batoto ya masomo bamepanga mustari.

Nikuulize kitu, si juu yangu. Kuko rafiki yangu wa frigo za biere, anapenda kujua mambo. Anauliza: kama vaksini iliganda, kisha ikayeyuka, mutu anaweza kuona na macho? Ao inabakia tu vilevile? Na kama mutoto alipigwa ile yenye iliganda, inamuumiza, ao inakuwa tu sawa mayi? Na kama ni sawa mayi, mutoto anaweza kupigwa tena, ao ni mubaya? Anauliza tu.

Sanduku ya mwezi huu iko na chupa za penta na pneumo sawa kawaida. Tata Ntambwe alizihesabu.

Shekina anaendelea? Na ule Kabeya?

Dodo


Posti ya Kyalubemba
tarehe 14, mwezi wa sita 2024

Ku Dodo,

Kabeya iko ku lupitalo, hospitali ya Lubudi. Siku ya yenga, batu banaenda ku kanisa, Mwadi alimuleta hapa saa moja ya asubui, homa makumi tatu na munane na kitu, anatapika, ile kilio ya juu sana yenye haifanane na ya njaa. Nikamuinua kichwa: mugongo yote ikakuya na kichwa, sawa ubao. Tata Symphorien angeandika shingo ya kukauka. Nikaandika miye. Nikampiga sindano ya kwanza ya dawa, nikabapandisha ku pikipiki. Ku lupitalo bakatosha mayi ya mugongo. Haikukuwa mayi, ilikuwa na usaha.

Page haiko tena mweupe.

Mbele ya pikipiki kuondoka, batu banasikia, nilimwambia Mwadi: "Miezi tano ulimutembeza na samaki. Sasa ona." Ni miye njo nilisema ile.

Juzi ilikuwa kipimo. Mu mwezi wa tano balikuya makumi tatu na moja. Juzi, kumi na mbili. Niliuliza bengine beko wapi. Mama moja akasema, mbele yangu, bila haya: "Wangu hakupigwa, anakula bukari. Ule alipigwa, anakufa. Wewe ungekuwa miye, ungefanya nini?" Nilimuonyesha kaye. Akasema karatasi haina mutoto. Kwa bale kumi na mbili nilitumia chupa za sanduku yako. Shekina alipata ya tatu. Zilibakia chupa tano, ni za mwezi wa saba.

Rafiki yako wa biere anauliza maulizo ya infirmiye. Mujibu hivi. Kwa mutoto, yenye iliganda haimuumize, haimuchunge pia. Anaweza kupigwa tena bila shida. Ku macho: chukua chupa yenye una mashaka nayo, na ingine yenye unajua haijaganda hata mara moja, ya namna ile ile. Zitingishe pamoja mu mukono moja, mpaka zote mbili ziwe sawa maziwa. Ziweke ku meza, usiziguse. Ngojea nusu saa. Muzuri inabakia maziwa. Yenye iliganda inashuka haraka, unaona unga chini na mayi juu.

Hapa sina chupa ya kulinganisha, zote zinatoka ku depo yenu.

Dodo, rafiki yako anaitwa nani?

Huguette


Kolwezi
tarehe 18, mwezi wa sita 2024

Yaya,

Barua hii haipite mu sanduku, juu sanduku inaondoka mwezi wenye kukuya na haiwezi kungojea. Naitumia na Ngoyi, ule mwenye anasafirisha mahindi ku treni. Alisema atafika Lubudi siku ya posho na pikipiki itakuletea.

Rafiki anaitwa Dodo.

Page ya pili haikukuwa goti ya mama. Iliandikwa kama niliunga frigo bila termostati, na mayi ya sentineli iliganda, na nilifurahi. Nilikuandikia yote. Barafu yangu njo ilifuta. Wakati ulisema hukusoma, nilisema Mungu anisaidie, hakuna mutu anajua. Halafu nikafika ku mustari wako wa mbili mpaka munane, nikakaa chini mu atelier yangu ya frigo, ku upande wa shimo, sijali tena. Frigo ilikuwa chini ya sifuri siku kumi na tisa. Kila penta na kila pneumo yenye ilikuwa mu depo. Na mu mwezi wa sita nilijua, yaya, nikaona bakipakia zile zile mu sanduku yako, nikasaidia kufunga. Nilisema labda wee unazidisha. Nilisema labda ziko nguvu. Sina kisingizio ya ile sanduku ya pili.

Chupa mupya zilifika depo tarehe kumi, lo ingine kabisa, ya namba ingine, hazikuona frigo yangu ile ya zamani. Leo asubui nilichukua moja, na moja ya zamani. Nikatingisha sawa ulisema. Nikaweka ku meza ya Tata Ntambwe, nikaketi. Ya mupya ilibakia. Ya zamani, hata dakika kumi haikupita, chini ilikuwa sawa unga ya bukari yenye mutu hakukoroga, juu mayi safi. Unaweza kusoma gazeti mule.

Tata Ntambwe akaingia. Nikamuonyesha. Akainama, akaangalia. Akauliza: "Karatasi ya mwezi wa tano inasema nini?"

"Ine."

"Kila siku?"

"Kila siku, Tata. Ni wewe njo ulisema."

"Basi ni ine. Wewe kijana unataka kupigana na karatasi? Posti tano, unajua ni batoto ngapi? Bakiita bakubwa ya zone ya afya, miye naondoka ku kazi, wewe unaondoka mbele yangu. Tupa hii chupa. Mwezi wenye kukuya tunatuma mupya, bintu binajitengeneza."

Nikamwambia mwezi wenye kukuya yaya yangu iko na chupa tano za kupiga batoto. Akasema, "Yaya yako ni infirmiye, atanyamaza juu yako."

Pale njo nilikumbuka kamashini. Nilikatosha mu tiroire, mu kitambaa. Yaya, kale kanakumbuka. Unafinya kifungo, kanakuonyesha siku kwa siku, siku makumi sita nyuma: sifuri, minus tano, minus saba, minus saba. Mpaka siku yenye nilikatosha mu frigo kanaonyesha, na saa. Kalikuwa kananiambia. Kalilia siku tatu.

Nakatuma kwako na Ngoyi, ndani ya gunia ya mahindi. Hapa ku depo kangepotea. Wewe peleka ku muganga wa zone, ao usipeleke. Kama unapeleka, nitasema ni miye. Kama mama anakuuliza, mwambie pia.

Kabeya iko muzima?

Dodo


Posti ya Kyalubemba
tarehe 6, mwezi wa saba 2024

Ku Dodo,

Nilipata barua na mashini. Ngoyi alileta mwenyewe, alisema gunia ililia njia yote, abiria balizani ni simu ya mutu mwenye anakimbia deni.

Siku ile ile nilipanda Lubudi, nikaweka mashini ku meza ya muganga wa zone, na barua yako pembeni. Alisoma barua mara moja. Ku mashini alirudia mara nyingi, anafinya, anaandika, kisha akanirudishia. Nyuma ya siku mbili balipitia posti zote tano, bakakusanya penta na pneumo ya zamani. Sijui kama bado uko na badji. Nazani hapana. Sikuomba bakuachilie, na wewe usiseme niliomba.

Chupa mupya zilifika. Nikaita bamama. Mwezi wa tano na wa sita, ukitosha benye bako mara mbili, ni batoto makumi tatu na ine. Bamama hawakukuya kupigisha batoto, balikuya kusikia, juu habari ilisha kutembea. Nikasema vile iko. Nikasema sindano zenye nilibapiga zilikuwa mayi, frigo iliziua, na miye sikujua. Mama moja akauliza: "Nani alifanya?"

"Mudogo wangu. Dodo. Ule wa Mashamba, mulicheka habari yake hapa."

Mwadi alikuwa nyuma. Alirudi toka Lubudi siku ine mbele ya ile, na Kabeya ku mugongo. Kabeya iko muzima, Dodo. Uliuliza. Anakula, anashika, anacheka ukimufanyia sura.

Mwadi akasimama. "Ulinisemesha mbele ya batu," akasema. "Mara mbili."

"Ndiyo."

"Ulisema ni samaki."

"Nilisema."

"Sasa sema tena, batu bako hapa."

Nikamuomba musamaha mbele yabo. Nilisema miezi tano ya kungojea haikukuwa muzuri, lakini siku alileta mutoto, alileta, na ni shiye njo tulimupa mayi. Pia nilisema kitu yenye nakuandikia wewe, juu utaitafuta: sindano moja, hata ya muzuri, labda haingetosha kumuchunga Kabeya. Inaomba tatu. Muganga hajui. Mi sijui. Usichukue ile "labda" kwenda kujiosha nayo, na usiichukue kwenda kujiua nayo. Iache pale.

Mwadi alingojea nimalize. Akamutosha Kabeya ku mugongo, akaketi ku kiti ya mbele, akafungua kitenge. "Anza na wangu," akasema. "Bamuone." Nikaanza naye. Nyuma yake balijipanga. Pamoja naye, makumi tatu na tatu. Ya mumoja, bazazi yake balihamia Mitwaba, nilituma neno. Shekina alilia mara hii.

Mashini ilikuwa ku meza, pembeni ya kaye. Nilisahau kuifinya inyamaze. Ku jua ilipata joto, ikaanza kulia, bip bip, ile sauti yako ya tiroire. Batoto bote mu kipimo bakageuza kichwa, hata bale benye balikuwa ku maziwa. Unajua vile bafanyaka, bote mara moja, sawa kuku.

Kabeya alikuwa ku magoti ya Mwadi, mita moja na meza. Alikuwa anacheza na ushanga yake, hakugeuka. Mwadi aliangalia mashini, akamuangalia mutoto, akaangalia mashini tena. Akanyoosha mukono, akaisogeza karibu ya sikio ya Kabeya. Akangojea. Kisha akairudisha ku meza, pole pole, pale niliiweka.

Ku kaye nilijaza mustari ya Kabeya. Homa, shingo ya kukauka, miezi sita. Pembeni niliandika ile neno ya Tata Symphorien: "hasikie".

Mashini inarudi ndani ya sanduku, na barua hii. Sikufunga na kitambaa. Mwenye atakuwa ku frigo, wewe ao mwingine, aiweke ndani, mahali pake, na aiache ilie.

Yaya yako,
Huguette